Niliyomwambia Refa wa Kalamba kwa Kipaza Sauti

Kabla sijasimulia haya huwa naangalia kwanza kama Mwende yuko karibu, kwa sababu akianza kucheka hanyamazi, na mimi hata leo masikio yananichoma kwa aibu. Lakini acheni niseme mwenyewe, maana kuna watu wanasimulia kwa niaba yangu na wanaongeza chumvi.

Mimi huuza dawa ya panya na kunguni kwenye masoko ya Kitui na Makueni. Kazi yenyewe ni mdomo na kipaza sauti cha mkono, kile ambacho unabonyeza kitufe chekundu, unarekodi tangazo lako mara moja, ukiachilia kinaanza kulirudia mchana kutwa huku wewe unakunywa chai. (Changu kitufe cha kuzima kilikufa zamani, kukinyamazisha lazima utoe betri, na mfuniko wa betri nilikuwa nimeufunga kwa mpira wa tyubu, fundo juu ya fundo.) Zaidi ya hayo mimi ni mtu wa ndondi, na nilikuwa na msimamo mmoja niliougombania hadi nikakosana na watu: marefa wanasimamisha pigano mapema mno. Mtu amepigwa ngumi tatu tu, hata hajachangamka, refa ashamkumbatia.

Basi Jumamosi moja, baada ya kuuza sokoni asubuhi, nilikuwa Kalamba kusalimia kwa kina Mwende kwa mara ya kwanza na kuomba siku ya kupeleka mbuzi za ntheo, zile ambazo kwetu Ukambani bila kuzipeleka hata mkae miaka kumi hujaoa. Baba yake nilikuwa sijawahi kumwona. Nilijua tu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa, asiyependa kelele. Mwende aliniambia baba ana kazi kidogo uwanjani kwenye ndondi, tumngoje amalize, na mimi nikadhani anakata tikiti, sikuuliza. Akaniambia pia niache kipaza sauti dukani kwa shangazi yake. Nikakataa, nikasema kitaibwa, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mwende akaenda kununua maji, mimi nikajipenyeza hadi mbele kabisa, soda mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Ulingoni alikuwa Muli, kijana wa kwetu Kyuso, na mwenzake wa Kalamba. Raundi ya kwanza Muli alicheza vizuri. Ya pili akachapwa moja ya sikio, akaegemea kamba, akachapwa nyingine, na refa, mzee mwembamba wa shati jeupe, akaingia katikati, akamshika kifuani, akapunga mikono. Kwisha.

Damu ilinichemka. Nikainua kipaza sauti, na kidole, kwa mazoea ya kila asubuhi, kikaenda chenyewe kwenye kitufe chekundu. "Refa umechoka, rudi nyumbani ukalee wajukuu." Uwanja mzima ukacheka. Nikaachilia kitufe nikijiona bingwa, na kipaza sauti kikasema tena. Watu wakacheka zaidi. Kikasema mara ya tatu, na wakati huo Muli, aliyekuwa amekalishwa kwenye kigoda, akainama akatapika, kisha miguu ikamlegea akateleza hadi chini. Watu wakanyamaza kimya, isipokuwa mimi, yaani sauti yangu, iliyoendelea kumtuma refa akalee wajukuu.

Nilivuta ule mpira. Nikauma fundo kwa meno. Nikakikalia. (Ukikikalia kinasikika hata mbali zaidi, sijui ni kwa nini.) Nilipoinua macho refa alikuwa amesimama mbele yangu, na nyuma yake Mwende na chupa ya maji, uso umemshuka.

"Baba," akasema polepole, "huyu ndiye Mutinda."

Kipaza sauti kikarudia tena. Mzee alikisikiliza hadi mwisho, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto akisoma vibaya.

"Wajukuu gani?" akaniuliza. "Kwani umeshaleta mbuzi?"

Kuna mama alinionea huruma akaleta kisu cha mboga, akakata mpira, betri zikaanguka, na nikatamani nianguke nazo. Nilijua nimempoteza Mwende mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima. Lakini mzee aliniambia tu nikamshike Muli kichwa, na tukampakia kwenye pikapu ya kanisa kumpeleka zahanati.

Njiani Muli alikuwa akiniuliza raundi ya pili inaanza saa ngapi. Nikamwambia imeshaisha. Baada ya dakika moja akauliza tena, kwa maneno yale yale, nikamjibu. Alipouliza mara ya tatu nilikikumbatia kichwa chake kisigonge ubavu wa pikapu.

"Wewe unasema nilisimamisha mapema," mzee akasema bila kuniangalia. "Mimi tangu tutoke uwanjani najiuliza kama nilichelewa."

Muli alilala zahanati siku mbili akatoka mzima, namshukuru Mungu. Mbuzi nazo zilipokelewa, ingawa mzee aliniuliza mbele ya wazee wote kama nina tangazo lolote. Ndondi bado naangalia. Ila refa akiingia katikati na wenzangu wakaanza kuruka wakidai ameharakisha, mimi nimeapa sitafungua mdomo tena, kwa sababu yeye anayaona macho ya yule kijana, na mimi niko huku mbali nakunywa soda.