Mpunga wa Jirani Chini ya Wingu

Nina picha za mwaka mzima za eneo lisilozidi hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, hapa Kakese. Nina miti ya Oktoba inayotoa majani mekundu wakati ardhi bado nyeusi kwa moto na mvua haijadondosha hata tone. Nina kumbikumbi wa Novemba, uyoga wa Januari, vumbi la Agosti. Simu imejaa mpaka inagoma kupokea ujumbe. Majirani wananitania kwamba mwalimu anapiga picha majani utadhani kesho yanahama, nami nacheka nao, ingawa moyoni najiona fundi.

Kuna moja nisiyoipenda, na bahati mbaya ndiyo nzuri kuliko zote.

Ilikuwa Mei mwaka jana, mvua tumeshaiaga, kila uwanja una turubai la mpunga. Jirani yangu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alikuwa ameanika mawili. Kubwa lilikuwa na mpunga wa kula. Dogo lilikuwa na mbegu, aliyoichagua shambani suke kwa suke kabla ya kuvuna. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa huku, na mbegu ile aliachiwa na mama yake. Kila mwaka hutenga kidogo akapanda tena. Siku hiyo alikuwa anakwenda mjini kupimwa macho. Akanikuta nafua.

"Mwanangu, nitazamie mpunga," akasema. Nikamwambia aende salama.

Hata asingeniomba, nilikuwa na wajibu. Huku kwetu anayeliona wingu kwanza ndiye anayeanua, na hakuna kuuliza ni cha nani. Nawajua wanawake wawili ambao hawajasalimiana miaka. Siku moja mmoja alimwanulia mwenzake mahindi yote, akayaingiza barazani, kisha akarudi kwake na kuendelea kununa.

Saa tisa mchana mwanga ukabadilika. Nikatoka, na naapa wazo langu la kwanza lilikuwa zuri: anua. La pili lilikuwa kutazama juu. Mvua ilikuwa inatoka upande wa mjini, imeshuka hadi chini, nyeusi, na kulia kwake jua bado linawaka, kwa hiyo mabua yote yaliyobaki mashambani yalikuwa manjano chini ya giza lile. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikasema moja tu. Nikapiga ya pili. Nikachuchumaa ili wingu lionekane kubwa zaidi. Nikageuza simu, nikarudi nyuma hatua tatu, nikapiga tena.

Tone la kwanza liliponigonga mkono ndipo nilipokimbia, na hata hapo nikaanza na turubai nisilopaswa kuanza nalo, lile kubwa. Kubwa halinyanyuliwi na mtu mmoja. Lazima usukumie mpunga katikati kwanza, ukunje pembe moja moja. Nikafunika nusu. Lile dogo lenye mbegu ningeweza kulibeba mikononi kwa safari moja. Nilipolifikia, maji yalikuwa yanatiririka pembeni na mbegu zinaelea.

Niliingia ndani nimelowa chapachapa, na sijui niseme nini kuhusu nilichofanya baadaye, ila nilikifanya. Nilichagua picha iliyo bora, nikaiweka kwenye status. Ningependa kusema sikufikiri, lakini nilipata hata muda wa kuiandikia maneno.

Mama aliporudi nilimwambia nilitoka mara moja kwenda dukani, mvua ikaniwahi. Alinipa pole kwa kulowa. Akanishukuru kwa ile nusu niliyofunika, na shukrani hiyo ilinichoma kuliko matusi. Mawingu yakakaa siku tatu. Tuligeuza mpunga pamoja barazani kwake, na kadiri nilivyosaidia ndivyo nilivyojiona mnafiki. Siku ya tatu mbegu ilitoa vijino vyeupe. Akiba haiozi, wanasema. Hii ilichipua mikononi mwetu mwezi wa Mei, hakuna shamba la kuipokea. Akawamwagia kuku. Mpunga wa kula ulipokobolewa ulikatikakatika, ukawa chenga tupu, na bado akaniletea bakuli.

Katikati ya siku hizo nilifungua simu nione nani ameitazama picha. Binti yake, anayeishi Inyonga, alikuwemo. Nikaitazama upya, na kwa mara ya kwanza macho yangu yakashuka kutoka winguni. Chini kabisa, wazi kabisa, yalikuwepo maturubai mawili ya mpunga, makavu. Yeyote angejua kwamba aliyepiga alisimama hapo, na muda alikuwa nao. Nikaifuta. Kufuta ni ujinga tu, aliyeona ameshaona.

Mama hakusema kitu. Msimu ulipofika aliomba mbegu kwa watu, akapanda. Aliendelea kunisalimia, kunitumia mboga, kuniuliza habari za shule. Nikajiaminisha kwamba binti hakumwambia. Kila wiki nilipanga kwenda kukiri, na kila wiki nilipata sababu: leo ana wageni, leo anaumwa, leo amefurahi, nisimharibie siku. Sikuwa namhurumia yeye. Nilikuwa naogopa sura yake akinitazama.

Mei mwaka huu, saa nne asubuhi, jua kali na mbingu nyeupe bila hata kiwingu, nilimwona ameinama uwanjani anakusanya mpunga alioutandaza saa moja tu iliyopita. Nikamwendea, nikamuuliza kulikoni. Alikuwa anakwenda msibani nyumba ya sita kutoka kwake, kutoa pole na kurudi. Mgongo wake sasa haunyooki vizuri. Alikuwa anachota kwa bakuli, anamimina kwenye gunia, anapumzika, anachota.

"Mama, uache ukauke," nikamwambia. "Mimi nipo."

Akamaliza kufunga mdomo wa gunia kwa kamba. Akajinyoosha taratibu, mkono kiunoni, akanitazama bila hasira yoyote.

"Najua upo, mwanangu. Hata siku ile ulikuwepo."

Kisha akanionyesha upande wa pili wa gunia. Nikaushika, tukaliingiza ndani, akafunga mlango kwa kufuli.