Nyumba Iliyokosa Moshi

Bibi Adelina alipohamia kwa mwanawe Modest, mtaa wa Cheyo, alisema mvua zikiisha tu anarudi kwake. Goti ndilo lililomleta, si kupenda. Alipewa chumba chenye kitanda kizuri na dirisha la vioo, naye akakiita chumba cha wageni. Furushi lake hakulifungua moja kwa moja. Kila asubuhi alichomoa kanga moja, jioni akairudisha na kukaza fundo, utadhani gari la kumchukua limeshapiga honi.

Kule Kwihara aliacha nyumba ya miti na udongo, aliyoijenga na marehemu mumewe. Nyumba ya namna hiyo, asikudanganye mtu, uhai wake ni moshi. Ikikosa moto, mchwa hawapigi hodi. Kwa hiyo alimwomba jirani yake, Levina, awe anawasha kuni mle ndani kila baada ya siku mbili, na Levina akakubali.

Mvua zikaisha. "Goti limepoa, baba, nirudishe."

"Wiki ijayo, mama," alijibu Modest. Hiyo wiki ijayo ikaenda mpaka mwezi wa nane, bibi akatishia kwenda kwa miguu. Ndipo akapelekwa.

Walikuta paa limelala chini. Nguzo alizozikata mumewe zilikuwa maganda matupu, ndani udongo wa mchwa. Levina alikuja mbio, akapiga magoti.

"Shikamoo mama. Nisamehe. Nilikuwa nawasha, lakini Pasaka kaka Modest alinipigia simu, akasema niache, eti wewe hurudi tena."

Modest aliinamisha kichwa. Hakuwa mtoto mbaya; ubaya wake ulikuwa kuamua peke yake. "Niliogopa utaanguka humu, mama, pasiwe na wa kukuinua."

"Sasa imeanguka nyumba," alisema Adelina. "Hiyo ataiinua nani?"

Hakulia. Heri angelia. Walipofika Cheyo alikwenda moja kwa moja kwenye furushi, akafungua fundo. Kanga zilikuwa tano.

"Modest," aliita, "chumba changu hiki hakina misumari ya kutundikia nguo."

Changu. Tangu mvua za kwanza Modest alikuwa akilisubiri neno hilo. Alilipata, akaenda kutafuta nyundo huku analia.