Kwao na Mama

Mama yangu alikuwa Mparsi, mtu wa dini ya kale ya Uajemi, mzaliwa wa Unguja, na kule alikokuita kwao sijapata kuonana na mtu aliyefika. Alikuita Eranvej, nchi ya kwanza Mungu kuiumba njema. Shetani akaionea wivu, akaitia baridi: miezi kumi ya kipupwe, miwili tu ya joto. Nilipohamishiwa Mbinga kikazi nikaja naye, maana baba, Mngoni na Mkristo, alikwishafariki. Asubuhi moja ya Juni mama alitoka nje na blanketi mabegani, akautazama ukungu juu ya mibuni, akasema, "Shetani kafika na huku."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimatengo, ndiye aliyekuwa akija kumwashia jiko. Mama hakuruhusu moto upulizwe kwa mdomo, kwao ni kuunajisi, na yule jirani, bila kuuliza mengi, akazoea kupepea kwa mfuniko wa sufuria. Watu wema hawakosekani. Lakini mama alitaka sala. Alisema mtu akifa, roho hukaa karibu siku tatu ikisomewa, kisha huenda kwenye daraja la kuvukia ahera, lililoko huko huko Eranvej. Isiposomewa, hufika peke yake. Mimi sikufundishwa hata neno moja. Mtoto wa baba wa nje hahesabiwi.

Kifua kilipombana, nilimpigia binamu yake aliyehamia Bombay, nikaweka sauti kubwa ili mama asikie mwenyewe.

"Dada yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja, "nimewauliza makuhani. Wewe uliolewa nje. Hawatakusomea."

Kisha akauliza kama huku kuna mvua! Nilikata simu. Nilimchukia mtu yule, na hadi leo namchukia.

"Usimtukane," mama akaniambia. "Anafuata sheria."

Nikamwambia basi tushuke Mbamba Bay, ziwani kuna joto, kifua kitapata nafuu.

"Joto la nini tena, mwanangu?"

Alifariki wiki ile ile. Wanakwaya walimwimbia vizuri, nyimbo ambazo hakuzijua. Kabla ya mazishi katekista, mtu mpole, alikaa nami kuandaa wasifu wa marehemu.

"Kwao hasa ni wapi?"

Nikamtajia. Akaandika herufi mbili tatu, akasita.

"Hiyo iko wilaya gani?"

Nikamwambia aandike Mbinga.