Nilijitaja Mtwa darasani Toronto, jumuiya nzima ikagawiwa vikombe vya karatasi

Wakuu, salaam kutoka Crescent Town, Toronto. Chumvi nitatia, ndiyo tabia yangu, ila nyama yenyewe ni ya kweli.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Mchana napakia maboksi kiwandani, jioni nilikuwa nasoma shule ya watu wazima. Mwezi uliopita nilipata diploma ya sekondari. Nilivyoibeba ungedhani nimetwaa kombe la dunia!

Sasa, jambo ambalo mji huu haukulijua: mimi ni Mtwa.

Kwa wasiojua, kwetu Burundi Watwa ndio wafinyanzi, kabila dogo linalodharauliwa. Lakini pombe ya mtama ikiivishwa, watu wanazunguka chungu kimoja na mirija yao, halafu Mtwa anawekewa kibuyu chake pembeni.

Chungu kakifinyanga yeye!

Toronto hakuna aliyeniuliza kabila, nami sikujitaja. Miaka tisa nimechomeka mrija kwenye chungu cha jumuiya yetu ya Warundi, nakunywa huku naangalia mlango kama mwizi.

Darasani alikuwepo Emi, mama wa miaka sitini hivi, msafishaji hospitalini. Tulimwita Mjapani, yeye anatabasamu tu. Wiki ya mwisho tukapewa presentation: eleza ulikotoka. Emi akajifunga kichwani kitambaa cha bibi yake kilichotariziwa, akasema, "Mimi ni Muainu."

Waainu ni wenyeji wa kaskazini ya Japani, walionyang'anywa ardhi na kukatazwa lugha yao. Mama yake alihamia Tokyo kutafuta kazi, akamfundisha mtoto kukaa kimya. Mchumba wa kwanza wa Emi alipoijua asili yake, wazazi wa mwanamume wakavunja uchumba.

"Nimevuka bahari," akasema, "na bado nikajificha kwa watu wasiojua hata Muainu ni nani."

Wakuu, jasho lililonitoka liliongeza kina cha Ziwa Ontario.

Aliyefuata ni mimi. Nilikuwa nimeandaa habari za mpira. Tatizo, dawati la mbele alikaa Mama Kezia, mwanajumuiya wetu, mwenye mdomo unaoipita WhatsApp kwa kasi. Nikakunja karatasi yangu. "Mimi ni Mtwa, mwana wa wafinyanzi."

Mama Kezia akainamia daftari lake. Siku zote tunapanda basi moja. Siku hiyo akangoja linalofuata.

Jumamosi jumuiya ikatuandalia sherehe sisi wahitimu, party room ya jengo letu. Nikaenda na Emi. Swali langu lilikuwa moja tu: mrija wangu upo, au nimerudishiwa kibuyu?

Nafika, hakuna chungu. Kila mtu kashika kikombe cha karatasi!

Mwenyekiti wetu, Mzee Silvestri, akanikimbilia. "Mwanangu, ni mambo ya afya tu. Hapa Canada."

Nikautazama ukumbi. Watu wazima, suti na vitenge, kila mmoja na kikombe chake cha peke yake. Kicheko kikanishika hadi nikaegemea ukuta.

"Mzee wangu, kwetu anayenyweshwa peke yake ndiye Mtwa. Leo mmekuwa Watwa wote! Karibuni ukooni!"

 

Mama Kezia akaweka kikombe chake chini. "Silvestri, nilikwambia huu ni utoto." Akaingia jikoni, akatoka amekumbatia chungu. "Njoo hapa, mfinyanzi. Miaka tisa umekunywa na sisi, nani alikufa?"

"Hakuna, Mama. Wengine mmenenepa tu."

Nikanywa. Akaninyang'anya mrija, akanywea huo huo, taratibu, macho kwa mwenyekiti. Emi akafuata, akauliza kama kuna pombe ya kuongeza.

Sitawapamba, familia mbili zilichukua makoti zikaondoka. Mzee Silvestri alikuja chunguni wa mwisho, bila kunitazama usoni. Lakini alikuja.

Nilichojifunza: nilidhani najikinga na aibu, kumbe nilikuwa naitunza kwa niaba ya wanaonidharau. Siku hizi nikiulizwa kabila, jibu langu linasikika hadi Malvern, kule pembeni mwa mji.

Haya wakuu, uwanja wenu. Kwenu nani huwekewa chombo cha pembeni? Na kama wewe ndiye uliyekuwa unakiweka, sema pia. Mirija ipo.