Bangili yangu na matumbawe ya hotelini

Jamani, leo nusura nifukuzwe kazi kwa bangili.

Mnajua nafanya usafi hotelini huku Utende. Pale mapokezi pana tangi la kioo la samaki na matumbawe hai, na kila asubuhi natumbukiza mkono humo kufuta kioo.

Basi leo meneja kapima maji, kashika kichwa. "Shaba imezidi, ndiyo maana matumbawe yananyauka. Nani katia shaba humu?"

Wote wakanitazama mkono.

Bangili yangu ya shaba hiyo, ya maumivu ya viungo. Sijaivua tangu niinunue gulioni.

Naivuta, haitoki. Sabuni marufuku karibu na tangi, ikabidi mpishi anipake mafuta ya nazi mpaka kiwiko, huku anasema, "Mama Rukia, we umeua viumbe vya watu."

Meneja akaitia kwenye glasi ya maji ya chumvi. Tukangoja mpaka adhuhuri.

Akadondoshea dawa yake ya kupimia. Kukiwa na shaba maji yanageuka buluu. Yakabaki meupe.

"Mama, hii si shaba. Ni bati limepakwa rangi."

Kumbe shaba inatoka kwenye koki mpya ya bomba la tangi, fundi keshaitwa. Kazi ninayo, alhamdulillahi.

Sasa nyie mashoga zangu wa Miburani mlionunua bangili kama hii kwa kunisikiliza mimi, viungo vinaendeleaje? Semeni kweli, maana mie mkono ulikuwa umepona kabisa.