Choo cha Ndani kwa Heshima ya Baba Mkwe

Naomba nieleweke: choo cha ndani nilikitaka mimi, tena kwa muda mrefu. Baba mkwe alikuwa kisingizio tu. Habari ilipotoka kijijini kwake Itaka kwamba goti lake limekataa kabisa, na daktari anataka aje Tunduma afanyishwe mazoezi hospitalini kwa wiki sita, la sivyo atakuwa mtu wa kitini maisha yake yote, nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Halafu nikamwambia mume wangu, "Basi hatuna budi kujenga choo chumbani kwetu."

Hakuweza kubisha. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutani ana kwa ana. Akija huku, mimi napita kule. Sili naye, simtazami usoni, na choo anachoingia yeye mimi sikiingii. Nasi tulikuwa na choo kimoja tu, cha kuchuchumaa, kule uani karibu na kichanja cha vyombo.

"Sasa mzee atoke chooni akutane na mimi na kopo mkononi?" nilimuuliza.

Mume wangu akashika kichwa. "Haya, haya, jenga."

Tukakata kona ya chumba chetu, hatua tatu kwa mbili. Fundi aligeuza ndoo, akakaa mahali litakapokaa sinki la choo, magoti yakagusa ukuta. "Mama, humu ukinenepa umekwisha," akasema. Nikamwambia apime ukuta, asinipime mimi.

Jamani, nilivyokihangaikia kile choo! Niliangalia picha kwenye simu mpaka macho yakauma. Marumaru nilivuka mpaka mwenyewe kuzifuata Nakonde, upande wa Zambia, muuzaji akiniita bamayo, yaani mama, bamayo huku na bamayo kule, nikarudi na za rangi ya bahari zenye pomboo watatu wanaoruka. Pomboo, Tunduma! Malori yanayotoka baharini yote yanapita hapa, ila bahari yenyewe mimi sijaiona. Nikaweka kioo cha duara, taa nyuma ya kioo, na ua la plastiki juu ya tangi. Mume wangu alipoingia mara ya kwanza alivua viatu. Kila aliyeuliza nilimjibu kwa unyenyekevu, "Ah, ni heshima ya mzee tu."

Mzee akaja. Nilijitanda kitenge, nikapiga goti nyuma ya mlango wa jikoni, tukasalimiana kupitia mume wangu kama ilivyo desturi. Choo cha nje kilikuwa chake peke yake. Nilikipaka chokaa, nikamwekea sabuni mpya, nikajiona mkamwana wa mfano.

Siku ya tatu vikombe vilianza kurudi jikoni vimejaa. Chai hakuigusa. Uji, vijiko viwili. Jagi la maji lilibaki vilevile. Nikakasirika, maana hasira zangu ziko karibu: kumbe chai yangu si chai? Siku ya tano mume wangu akasema baba yake anataka kurudi Itaka. Mazoezi basi.

"Kwani amekosa nini hapa?"

"Hasemi. Eti kahawa yake shambani inamngoja."

Kahawa! Na msimu ulikuwa umeshapita.

Jioni ile nachambua mboga, nikamsikia mzee chooni. Alikuwa anajaribu kuchuchumaa. Sauti ile siisahau, mtu mzima anaugulia huku ameuma meno. Kisu kilinidondoka. Wiki tatu nzima tulijadili marumaru, mlango, kukutana na kutokukutana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba goti bovu halichuchumai. Mzee alikuwa hanywi ili asiende. Na choo pekee cha kukaa kilikuwa chumbani kwa mwanawe na mkamwana wake, mahali ambapo ni afadhali afe kuliko kupakanyaga. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Asubuhi nikamwita fundi. "Vunja hapa, weka mlango wa kutokea uani. Huu wa chumbani ziba."

Akawatazama pomboo. "Mama, hapa hapa?"

"Kwani nimesema kwa jirani?"

Nyundo ya kwanza tu, nikakimbilia jikoni. Pomboo wawili walikwenda na kifusi, wa tatu alibaki mkia. Kesho yake mzee aliingia na fimbo yake, akakaa humo hadi nikaingiwa na wasiwasi. Baadaye mume wangu akaja jikoni: mzee anauliza kama chai imebaki. Habari za kahawa hazikusikika tena.

Ila choo anachotumia mzee, mimi siingii. Heshima ni heshima. Kwa hiyo mimi, mwenye taa nyuma ya kioo, nikarudi kuchuchumaa nje, kwenye kile alichokiacha.

Humo ndimo nilimokuwa, wiki ya tano, niliposikia hatua uani. Nikachungulia kwenye tundu la hewa. Mzee anatembea. Kutoka ukutani hadi getini, bila fimbo, anageuka, anarudi, anahesabu kwa sauti. Nami siwezi kutoka, tutakutana uso kwa uso. Nikabaki nimechuchumaa, miguu imekufa ganzi, nzi wananiimbia sikioni, machozi yananitiririka, na moyoni naomba asichoke mapema.