Kilio Nyuma ya Nyumba ya Yaya

Usiku ule sikulala kwa sababu ya swali ambalo mtu hamuulizi rafiki yake: je, ni kweli mama yako amekufa?

Rafiki yangu alikuwa amelala kwenye godoro langu, mdomo wazi, mate yakimtiririka hadi kwenye mto wangu. Jioni alikuwa ameandika, kwa simu yangu maana yake aliiuza, kwenye kundi la WhatsApp la wenzetu wa chuo kikuu kwamba mama yake amefia kijijini, kule kaskazini, kwamba maiti haitafika Lubumbashi, na kwamba kilio kitakaliwa kwangu, Kampemba. Kwangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya yaya, dada yangu mkubwa. Hakuniomba. Niliisoma habari hiyo aliponirudishia simu, naye ameketi kando yangu akijikuna.

Kama ni kweli, basi mimi ni mnyama, rafiki amefiwa nami napima machozi yake. Kama ni uongo nikanyamaza, nitakuwa nimesaidia kumfanya mfu mwanamke aliyenilisha bukari, ugali wa kwetu, tangu tukiwa shule. Mama yule anaishi Kasungami, pembezoni mwa mji, analima sombe, yaani majani ya muhogo, na matembele. Lakini kweli alikuwa amesema atasafiri kijijini. Na simu hana, ilitoweka siku mwanawe alipomtembelea mara ya mwisho.

Huyo mwanawe nilimpokea mwenyewe mwanzoni mwa mvua, akaniahidi ataacha. Anasaga vidonge vya maumivu, anachanganya na vumbi jeusi linalokwanguliwa ndani ya bomba la moshi la magari, anavuta puani. Kisha anasimama uani amejipinda kama mtu anayetafuta sindano chini, anasinzia hivyo hivyo, kuku wanapita kati ya miguu yake. Kamasi yake ni nyeusi. Hutapika kwenye beseni ninalonawia uso, nami hulimwaga, hulisugua kwa mchanga, halafu hunawa humo humo kwa sababu sina lingine. Nilidhani kinyaa huisha ukizoea. Changu kiliongezeka. Hata kikombe alichoshika nilikuwa nakizungusha nitafute upande ambao midomo yake haikugusa.

Asubuhi wenzetu walikuja na unga, makaa na mafuta, kama inavyofanywa. Mikeka ikatandikwa. Yaya akawasha moto akilia kweli, maana anajua kulia hata na watu asiowajua. Rafiki yangu alikaa katikati amevaa shati langu jeupe, lile ninalopelekea maombi ya kazi kwenye ofisi za migodi, akijikuna shingo mpaka damu ikaingia kwenye kola. Alikuwa anapokea pole kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. Mchuzi ulimshuka kidevuni. Msichana mmoja aliyekuwa kiongozi wa darasa letu aliniinamia.

"Frère, tunavaa kitambaa gani ya kilio? Bantu banasema ya bleu."

Nilipoinua kichwa, rafiki yangu hakuwa tena mkekani. Nilikwenda chooni, na huko nyuma nikamkuta rafiki yangu akipitisha mfuko wa unga juu ya ukuta. Upande wa pili alikuwepo muuza vidonge, namjua kwa kicheko chake.

"Mama yako alikufa muzuri, chef," alisema yule mtu. "Alikufa na unga mingi!"

Na rafiki yangu akacheka naye. Nilisubiri mpaka muuzaji aondoke.

"Mama amekufa kweli?"

"We frère, unaniuliza vile? Unataka nikuletee maiti ku mulango?" Machozi yakamtoka papo hapo, na puani ule weusi. Akanishika mkono kwa vidole vyenye mchuzi. "Uko ndugu yangu wewe. Usiniue."

Nilinawa mkono kwenye bomba hadi ngozi ikauma, nikachukua pikipiki kwenda Kasungami.

Nilimkuta mama yake akiwa shambani, nyuma ya nyumba, akifunga mafungu ya sombe ya kuuza.

"Eh, mutoto! Juu ya nini unaniangalia sawa vile umeona mufu?"

"Mama, nilisikia ulienda ku kijiji."

"Nitaenda namna gani? Mvula ilikata barabara." Akainua macho. "Mwenzako iko wapi? Anakula?"

Ningeweza kusema anakula na kurudi zangu. Ningemaliza kilio, wenzetu wangetoka na vitambaa vyao vya buluu, na rafiki yangu angekuwa na vidonge vya wiki nzima. Na siku mama akifa kweli, nani angekuja? Lakini pia niliwaza: nikisema, jina lake litakwisha katika kundi lile, hatakuwa na mahali pa kukimbilia ila kwa yule wa ukutani. Niligeuza na kugeuza, na harufu yake ikanipanda kutoka kwenye mkono wa shati nililovaa, tindikali na mchuzi. Nikamwambia mama yote, upesi, kama mtu anayetapika.

Aliendelea kufunga lile fungu mpaka akalimaliza.

"Banalia?"

"Banalia, mama."

"Banapika?"

"Banapika."

"Basi twende, nifike ku kilio yangu." Alinawa miguu, akajifunga kitenge cha pili, na hapo tu sauti ikamvunjika. "Lakini ule, akisikia nakuja, ataruka ukuta. Nitamupata wapi tena? Mimi nataka kumubeba ku hospitali, hata bamufunge kamba."

Mwenye pikipiki alikuwa amewasha mashine. Nilitoa simu. Kwenye kundi zilikuwa zimejaa alama za machozi na mikono ya sala. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena laini zaidi, nikafuta. Mwishowe niliandika hivi: "Mama yake ni mzima, niko naye hapa Kasungami. Mgonjwa ni yeye mwenyewe. Mkalieni karibu, wanaume simameni kwenye ukuta wa nyuma, msimwache atoke. Nakuja na mama yake."

Nikabonyeza kutuma, nikampa mama mkono apande.